Kazi Alizoziacha Mbuvi

Filister hakuwa ameandika neno hata moja siku hiyo, lakini tovuti ilisema ameandika. Jina lake lilikuwa pale juu ya chapisho jipya, na chini yake picha ya stuli ya miguu mitatu ambayo fundi alikuwa hajamaliza kuipiga msasa. Maelezo yenyewe yalikuwa matamu. Yalisema mbao za stuli ile zimetoka kwenye mti ulioona mvua nyingi, na kwamba atakayeikalia hatataka kuinuka. Filister, ambaye barua ya kumwomba mwalimu ruhusa ilimchukua jioni nzima, aliyasoma mara mbili akajiambia labda aliyaandika jana akasahau. Binadamu ana njia nyingi za kujidanganya kabla ya chai ya asubuhi.

Kazi ile alikuwa bado mgeni nayo. Kikundi kilikuwa cha mafundi wa mbao pale Kawangware, wengi wao watu wa Machakos na Kitui, wenye mikono ya kuchonga kichwa cha kitanda mpaka mnunuzi aone haya kukilalia. Mwenyekiti wao alikuwa Kasyoka, mjane wa sauti kubwa, ambaye mafundi walimwita Mwaitu kana kwamba amewazaa wote. Yeye ndiye aliyemwajiri Filister baada ya Mbuvi, kijana wao wa tovuti, kufariki ghafla. Filister alishukuru mpaka machozi. Kabla ya hapo alikuwa akifua nguo za watu mtaani Olympic na kurudi Mashimoni, kwenye chumba cha mabati alichoishi na bintiye wa pekee, Mitchelle, aliyekuwa chekechea. Baba wa mtoto alishakwenda zake, tusimzungumzie.

Kuendesha tovuti alifundishwa na Nicanor, mwenye saiba moja ndogo ya intaneti pale Olympic.

"Niaje, Mama Mitch. Keti hapa. Hii kitu si ngumu, ni kama kushika duka," Nicanor alimwambia. "Ukiingia unaanzia hapa, inaitwa dashboard. Pages ni vitu hazibadiliki, kama namba ya simu na mahali mko. Posts ni zile unaongeza kila siku. Picha zote zinakaa huku. Kama hujamaliza kuandika, iache draft, mtu wa nje haioni. Ukiridhika, unapublish, dunia yote inaona."

Filister alishika mambo haraka kuliko alivyotarajia. Akaongeza picha ya kabati. Akabadilisha namba ya simu. Kisha wakafika kwenye ukurasa wa watumiaji, na pale palikuwa na majina mawili: lake jipya, na la Mbuvi.

"Huyu si ndiye alikufa?" Nicanor aliuliza.

"Ndiye."

"Basi mtoe. Account ya mtu hayuko ni mlango umeachwa wazi."

Filister alibonyeza. Tovuti haikumfuta Mbuvi papo hapo, iliuliza kwanza. Kazi zote za mtu huyu zifutwe pamoja naye, au zikabidhiwe mtu mwingine?

"Ukidelete, bidhaa zote zinaenda na yeye, mnaanza zero," Nicanor alisema. "Weka kwa jina lako."

Kidole cha Filister kilisita. Kwao, upande wa ziwa, vitu vya marehemu havigawanywi kabla hajazikwa na watu wake kunyolewa. Hata koti lake huachwa msumarini. Na Mbuvi alikuwa bado mochari, ndugu zake wakihangaika na mipango ya kumsafirisha Kitui.

"Hajazikwa," alisema kwa sauti ndogo.

Nicanor alicheka. "Sister, hii ni software. Si koti ya marehemu."

Naye alikuwa mtu wa huko huko, alijua vizuri anachokicheka. Filister akacheka pia, kwa sababu mwanafunzi hapendi kuonekana mshamba mbele ya mwalimu wake, akachagua jina lake mwenyewe akabonyeza. Mla cha mwenziwe na chake huliwa, wahenga walisema, lakini wahenga hawakuwa wakitafuta kazi Nairobi.

Baada ya ile stuli, machapisho yalizidi kujiandika. Kila siku lilikuja moja, wakati mwingine mawili, na kila lilipokuja simu ya kikundi ililia. Watu wa Karen walitaka meza. Hoteli moja ya Naivasha ilitaka vitanda vya vyumba vyote. Kasyoka alimkumbatia Filister mbele ya mafundi na kutangaza kwamba Mungu amemfuta machozi kwa mkono wa Mjaluo. Filister angeweza kusema ukweli siku ile. Hakusema. Maisha yake yote alikuwa amesifiwa kwa kung'arisha kola za mashati, na sifa hii mpya ilimwingia moyoni kama uji wa moto asubuhi ya baridi.

Mitchelle akaacha kulala.

Mwanzoni Filister alidhani ni ukaidi wa watoto. Alimlaza, akamfunika, akamwimbia. Akigeuka anamkuta ameketi kitako kitandani, macho wazi, mikono mapajani.

"Lala, mama."

"Nikifunga macho, mtu ananifungua," mtoto alisema.

"Mtu gani?"

"Huyo anaandika."

Filister akasikiliza. Kwenye mabati ya ukuta, upande wa kichwani mwa mtoto, kulikuwa na mlio mdogo wa kugonga haraka haraka, unaokuja na kukatika na kuja tena. Alitoka nje akidhani ni mvua, akakuta ardhi kavu na jirani anaanua nguo kavu. Akarudi ndani. Chumba kilinuka maziwa yaliyochacha, harufu ya mtoto mchanga aliyecheua begani mwa mtu, na katika chumba kile hapakuwa na mtoto mchanga.

Alimpeleka kliniki, wakampa dawa ya maji ya kijiko kimoja, na kile kijiko hakikubadilisha kitu. Mwalimu wa chekechea alimwita. "Wenzake wakilala mchana, huyu anakaa tu anaangalia mlango," mwalimu alisema. "Na ameanza kuanguka, Mama Mitch. Anatembea anaanguka." Mashavu ya mtoto yalikuwa yameingia ndani, na chini ya macho kulikuwa na weusi kama wa mtu mzima aliyefiwa. Filister alimbeba mgongoni kutoka shuleni na akaona alivyokuwa mwepesi, na hapo hofu ikamshika kwelikweli, hofu ya kumpoteza mtoto, ambayo haina jina lingine.

Siku iliyofuata, jua likiwa utosini, mafundi walikwenda kula kwenye kibanda cha ng'ambo ya barabara, naye akafunga laptopu ya ofisi akawafuata. Alikuwa amefika mlangoni pa kibanda alipokumbuka ameacha simu. Akarudi.

Karakana ilikuwa kimya, misumeno imelala juu ya maranda, na gundi ilikuwa ikichemka polepole kwenye kopo lake. Aliisikia sauti kabla hajaona kitu, ule mlio mdogo wa haraka wa kule Mashimoni, na ile harufu ya maziwa ikamjia puani ikiipita harufu ya varnishi, na alipochungulia ofisini aliona laptopu aliyoifunga kwa mkono wake mwenyewe iko wazi, na vibonyezo vyake vikishuka na kupanda kwa kasi pasipo vidole juu yake, na mto wa kiti chake umebonyea katikati kama mto uliokaliwa na mtu mzito ambaye hana haraka ya kuondoka, na kwenye kioo maneno yalikuwa yakitembea, neno baada ya neno, chini ya jina lake yeye, Filister, na akiwa amesimama pale, asiweze kukimbia wala kupiga kelele, aliyasoma.

*Kitanda kidogo cha mtoto. Kimetumika kwa muda mfupi. Blanketi la waridi litatolewa pamoja nacho. Hivi karibuni hakitahitajika tena.*

Picha ilikuwa ya kitanda cha nyumbani kwake. Mitchelle alikuwa ameketi juu yake, akitazama moja kwa moja kwa aliyempiga picha.

Chapisho lilikuwa bado rasimu. Vibonyezo vikanyamaza. Mto wa kiti ukainuka taratibu, kama mtu amesimama ili ampishe mwenye kiti chake.

Filister alikimbia akiacha simu pale pale.

Wa kuulizwa mambo ya Mbuvi alikuwa mjane wake, Nzembi, na mafundi walimwambia angempata mtaani Gatina akiuza muthokoi, yale mahindi ya kukobolewa yanayopikwa na maharagwe. Alimkuta ameinama juu ya sufuria. Kabla Filister hajasalimia, Nzembi aliinua kichwa, akavuta hewa kwa pua, na mwiko ukamwanguka.

"Unanuka mtoto wangu," alisema.

Walikwenda nyuma ya kibanda. Nzembi alizungumza kwa kunong'ona, akitazama barabarani kila mara.

"Mbuvi hakujua kuandika. Picha alipiga vizuri, lakini maneno hayakuja. Akaenda kwa mtu, simtaji, akapewa msaidizi. Akaambiwa huyu hataki pesa yako. Anakula usingizi wa yule mdogo wa nyumba. Mbuvi akaona ni maneno ya wazee tu. Na sisi tulikuwa na mtoto bado ananyonya."

"Alikufa?"

"Alikaa macho mpaka akaisha." Nzembi alijifuta uso kwa kanga. "Tuliita pastor. Aliomba mpaka shati ikalowa. Hicho kitu kikatulia. Jumatatu kikarudi kazini. Sasa mtoto akiwa ameenda, mdogo wa nyumba nikawa mimi, nikaanza kukosa usingizi. Nikatoroka, dada. Niite mwoga. Mbuvi akabaki peke yake, yeye ndiye mkubwa, yeye ndiye mdogo."

"Kinatoka vipi? Niambie, tafadhali. Niko na mmoja tu."

"Hakifukuzwi. Kinakaa kwa kazi yake. Kila kitu kiliandika kifutwe, kisibaki hata kimoja, kitakosa pa kukaa kiende. Ama mtu mwingine akipokee kwa mkono wake, vile wewe ulipokea."

"Mimi sikujua."

"Mkono wako ulijua njia."

"Na mbona Mbuvi hakufuta?"

Nzembi aliokota mwiko wake akaupangusa. "Alikuwa anapenda kusifiwa," alisema.

Filister alirudi karakana mbio, na Kasyoka alimkuta mbele ya laptopu akihema, kidole juu ya kitufe. Machapisho yote yalikuwa yamewekwa alama tayari, ukurasa baada ya ukurasa, meza na stuli na vitanda, yakingoja kutupwa.

"Unafanya nini?" Kasyoka aliuliza.

Filister alimweleza yote, maneno yakigongana. Alitarajia kuchekwa. Kasyoka hakucheka. Alifunga mlango wa ofisi, na kwa mara ya kwanza tangu wajuane sauti yake ilikuwa ndogo.

"Nilikuwa najua Mbuvi haandiki," alisema. "Kijana alikuwa hawezi kuandika hata jina la mti. Niliona order zinakuja, nikanyamaza. Watu walikuwa wanakula, Filister. Ningeuliza nini?"

"Nafuta, Chairlady."

"Ukifuta, hoteli inaenda. Wale wa Karen wanaenda. Hawa wanaume wote wanarudi kuketi kando ya barabara na misumeno, wakingoja kuitwa. Ulikuwa hapa wakati huo? Hukuwa. Mimi nilikuwa."

"Mtoto wangu anakufa!"

"Punguza sauti." Kasyoka aliweka kiganja chake kipana juu ya mkono wa Filister na kuuondoa kwenye kitufe. Nje fundi mmoja alikuwa akipiga randa na kuimba wimbo wa kanisani. "Kwangu nalala peke yangu," Kasyoka alisema. "Mtoto sina, mjukuu sina. Na mzee anafanyia nini usingizi? Tangu mzee wangu aende naamka kabla ya jogoo. Wacha kichukue huo kidogo wangu. Nifungulie akaunti."

"Chairlady, hapana. Mbuvi alikufa."

"Mbuvi alikuwa mnyonge. Fungua."

Filister alijua kwamba kitufe kilikuwa bado pale, na kwamba kukibonyeza kungemaliza jambo lile kwa kila mtu. Lakini Kasyoka alikuwa amejaza mlango wote na mwili wake, kichwani mwa Filister hapakuwa na kitu isipokuwa Mitchelle akianguka njiani, na ukweli usemwe, alitaka tu jambo lile limtoke, liende popote, liende kwa yeyote. Akamfungulia Kasyoka akaunti. Kisha akaingia kwenye jina lake mwenyewe na kulifuta, na tovuti ikauliza swali lile lile ililouliza kule Olympic. Akachagua jina la Kasyoka.

"Bonyeza wewe," alimwambia. "Ni lazima uwe mkono wako."

Kasyoka alibonyeza kwa kidole kimoja, kama mtu anayebonyeza kengele ya lango la tajiri. Harufu ya maziwa ilipita kati yao, ikawagusa nyuso. Nyuma yao mto wa kiti ulibonyea, na kile kiti cha magurudumu kikasogea, polepole, mpaka kikasimama ubavuni mwa Kasyoka.

"Mwaitu," Kasyoka alinong'ona, akimwita mama yake mwenyewe aliyekufa zamani. Kisha akajikaza. "Nenda kwa mtoto wako."

Filister alimkuta Mitchelle kwa jirani, amelala sakafuni juu ya gunia na kipande cha mandazi mkononi, mdomo wazi, akikoroma kama mzee. Alikaa kando yake mpaka kesho yake asubuhi akimsikiliza. Alilia kwa furaha, na ndani ya furaha ile kulikuwa na aibu, na aibu haikumzuia kufurahi.

Karakana hakurudi tena. Alirudi kwenye nguo za watu, na Mitchelle akarudi kunenepa. Habari za Kasyoka alizisikia kwa mafundi: kazi imezidi, wameongeza jengo, Mwaitu siku hizi haondoki ofisini. Alipanga kwenda kumsalimia, akaahirisha, akapanga tena. Hatimaye Jumapili moja baada ya kanisa, dhamiri ikimuuma, alimvalisha Mitchelle gauni lake zuri wakaenda. Kasyoka alikuwa ndiye aliyetaka kumwona, alituma ujumbe mara nyingi: niletee mtoto nimwone vile amepona.

Nyumba ya Kasyoka ilikuwa nyuma ya karakana. Mlango ulifunguka kabla hawajabisha. Filister alirudi nyuma hatua moja. Yule mama mnene wa sauti kubwa alikuwa amebaki mifupa ndani ya dera, na macho yake yalikuwa makubwa, makavu, mekundu pembeni. Kutoka ndani ilisikika sauti ya vibonyezo, haraka haraka, na simu ikilia bila kupokelewa.

"Msiingie," Kasyoka alisema mara moja, akishika miimo ya mlango kwa mikono yote miwili. "Simameni hapo hapo. Filister, mbona ulimleta? Mtoto mdogo hapa! Asiingie hata kama nitasema aingie."

"Wewe ndiye umetuma message tuje, Chairlady."

"Mimi sijatuma kitu." Kasyoka aligeuka akatazama nyuma yake, kule kwenye vibonyezo. "Sijashika simu tangu ile wiki ingine."

"Twende tufute," Filister alisema. "Sasa hivi. Nitafuta mimi."

"Nilijaribu. Nikifuta kimoja, kinaandika viwili. Nyinyi mlikuwa na vichache."

Mitchelle alikuwa akimtazama kwa huruma, kama watoto wanavyomtazama ng'ombe aliyevunjika mguu. "Shosho, umechoka?" alimuuliza bibi huyo.

"Nimechoka, mama." Kasyoka alichuchumaa, magoti yakilia, mpaka uso wake ukawa sawa na wa mtoto. "Hebu nikumbushe. Mtu akitaka kulala, anaanzaje?"

"Unafunga macho," Mitchelle alisema, "halafu unangoja kidogo, halafu hujui."

"Halafu hujui," Kasyoka alirudia polepole, kama mtu anayeonja chakula cha nyumbani baada ya miaka. Alifunga macho. Filister aliona kope zile zikitetemeka, kisha zikivutwa juu, moja, na nyingine, na ngozi ikibonyea kidogo pale zilipobanwa na vidole ambavyo havikuonekana. Kasyoka hakupiga kelele. Alikwishazoea.

Mkono wake mmoja ulikuwa umeuacha mwimo wa mlango. Ulikuwa umeshika kifundo cha mkono wa Mitchelle.

"Filister," alisema, na sauti ilikuwa yake kabisa, hapo ndipo palipokuwa na ubaya wote. Haikuwa ya jini wala ya mtu mwingine. "Wacha aingie kidogo. Nusu saa. Akae tu kwa kochi langu, kwangu awe mdogo yeye, nilale nusu saa tu, halafu uende naye. Nilimchukulia yangu yote, Filister. Nusu saa ni nini?"

"Mwachilie, Chairlady."

"Nilikubebea."

"Najua. Mwachilie."

Filister alibandua vidole vile kimoja kimoja. Vilikuwa baridi na vina nguvu ya ajabu, na kila alipobandua kimoja, kingine kilirudi, na Kasyoka alikuwa akilia bila machozi na kuomba msamaha huku akizidi kuvuta. Ndani, vibonyezo vilinyamaza, kama mtu ameacha kazi ili atazame. Filister akamng'ata yule mama mkononi, yule aliyemwokolea mtoto, akamng'ata mpaka akaonja damu, vidole vikaachia, na akamtupa Mitchelle begani akakimbia katikati ya karakana, akikanyaga maranda, akipita vitanda vipya vilivyopangwa mpaka barabarani vikingoja kwenda Naivasha.

Kasyoka hakuwafuata. Alibaki pale mlangoni, akimwita mtoto kwa jina, kwa upole, kama mama anayemwita wake aje kula.